Mama Kwa Hiyo na Ukumbi wa Jumamosi ya Kwanza

Ijumaa, tarehe 17 Oktoba. Naweka nadhiri mbele ya wasomaji wa jarida hili la wafanyakazi: nitasema yote ninayoyajua, ya kuchekesha na ya kutia wasiwasi, na chumvi nitaiacha jikoni. Tarehe 31 mwezi huu, Afisa wa Malalamiko ya Umma wa Wizara ya Utalii anastaafu baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi. Kwenye mlango wa ofisi yake limeandikwa jina lake kamili. Huku mitaani sisi tunamwita Mama Kwa Hiyo, naye huitika.

Wasifu kama huu kwa kawaida huandikwa na mfanyakazi mwenzake. Mama mdogo wangu, ambaye ni mhazili hapo wizarani, anasema waliombwa watu watatu, na kila mmoja akamwachia mwenzake heshima hiyo. Nani anataka kuumiza kichwa kwa kurasa mbili, halafu mhusika azisome na kuuliza, “Kwa hiyo?” Mwishowe Mama mwenyewe akasema aandike mtu asiye na bosi ndani ya jengo lile. “Kama ni kunisifu, anisifu niliyemtumikia,” alisema. “Na kama ni kunisema, vilevile.” Ndipo nikatajwa mimi, mwanafunzi wa kidato cha pili, kwa sababu niliwahi kuuliza swali kwenye kikao chake. Mwalimu wangu wa Kiswahili amenisahihishia nukta na mikato tu.

Mama alianzia kazi kwenye meza ya mapokezi ya uwanja wa ndege. Alikuwa msichana mwembamba mwenye sare iliyompwaya, na kazi yake ilikuwa kuwatabasamia wageni. Anasema hapo ndipo alipopata shahada yake ya kwanza. Mgeni aliyesafiri usiku kucha anapouliza choo kiko wapi, hataki tabasamu wala maelezo ya vivutio vya kisiwa. Anataka kuonyeshwa mlango. Tangu siku hizo Mama amekuwa na imani moja: mwenye swali apewe jibu, na mapambo yaje baadaye kama nafasi ipo.

Alipohamishiwa makao makuu alipewa chumba kilicho chini ya ngazi, karibu na mashine ya kurudufu, chenye feni inayogeuza uso upande mmoja tu. Mama mdogo anasema wengi walidhani ameadhibiwa. Yeye akakipenda. Kila anayepanda kwenda kwa wakubwa lazima apite mlangoni pake, na kila anayeshuka bila kusaidiwa hupita papo hapo, uso ukiwa umekunjamana. Alikuwa akiwaita, “Njoo, baba, kaa. Wamekwambiaje huko juu?” Feni aliwageuzia wao.

Huko chini ya ngazi ndiko lilikozaliwa jambo analojulikana nalo. Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, Mama hufungua ukumbi ulio nyuma ya wizara, ambao zamani ulikuwa stoo ya mahema ya maonyesho, na wananchi huja kuwauliza wakubwa kuhusu sera za utalii. Kisiwa chetu ni kidogo. Serikali ikikohoa kuhusu ufukwe mmoja, sote tunapata mafua. Sheria inayoamuru kikao hicho haipo. Kipo kwa sababu Mama aliomba, akaruhusiwa kwa majaribio, na majaribio hayo hayajaisha hadi leo.

Kanuni za ukumbi ni mbili, zote za Mama. Ya kwanza: wananchi hukaa vitini, mkubwa anayejibu husimama. Mama anaamini miguu ikichoka, majibu hufupika. Waziri mmoja wa zamani, baada ya kusikia habari hizo, alikuja na msaidizi aliyembebea kiti cha kukunja. Mama alimpokea yule msaidizi kwa furaha kubwa. “Ahsante sana, mwanangu, Mungu akubariki, tulikuwa tumepungukiwa kimoja!” Akakitwaa kiti, akamkalisha mama mjamzito aliyekuwa amesimama nyuma. Waziri alicheka, akasimama, na siku hiyo kikao kiliisha mapema.

Kanuni ya pili ni kwamba ahadi ikitolewa, ukumbi mzima unairudia kwa sauti, kama darasa la kwanza wanavyosoma ubaoni. Mama anasema ahadi iliyosikiwa na mtu mmoja ina mahali pa kujificha, lakini iliyosemwa na watu mia haina. Katikati ya kanuni hizo mbili ndipo linapokaa lile swali lake. Mkubwa akimaliza hotuba ndefu, Mama humtazama kwa upole, miwani ikiwa kwenye ncha ya pua, na kusema, “Kwa hiyo?” Halafu hungoja. Siku moja dereva wa teksi alimsaidia kungoja, akamwambia mkubwa aliyekuwa mbele, “Mheshimiwa, huo mchakato umeutaja tangu nimeingia. Mimi nina abiria nje, niwaambie mchakato umefika wapi?”

Sasa naja kwenye swali langu mwenyewe. Nilikuwa darasa la tano. Nyuma ya shule yetu ya msingi kuna ghuba ndogo yenye maji ya kina kifupi, na hapo ndipo mwalimu wa michezo alipokuwa akiwafundisha wanafunzi kuogelea. Mwaka ule ilitoka sera mpya ya fukwe tulivu: wageni wachache, wanaolipa zaidi, wasiosumbuliwa. Hoteli iliyo jirani ikakodishwa eneo lile, ikajenga ukuta na geti, na kinjia tulichokuwa tukipita kikabaki ndani. Zamu ya darasa letu ilikuwa imefika. Miezi michache kabla, mtoto wa shule nyingine alikuwa amechukuliwa na maji gatini, akaokolewa na mpita njia aliyekuwa akijua kuogelea. Mama yangu hakulala vizuri kwa wiki nzima, ingawa mtoto hakuwa wake.

Mwalimu alituleta ukumbini, tukakaa mstari wa mbele. Aliyesimama kujibu alikuwa Mkurugenzi wa Fukwe, ambaye kwa urefu wake watu humwita Mlingoti, na najua atasoma hapa na kucheka. Nikauliza, “Sisi bahari imetuzunguka pande zote. Tutajifunzia wapi kuogelea?”

Mkurugenzi alijibu vizuri sana. Alieleza uwekezaji, ajira na sura ya nchi mbele ya mataifa. Alipomaliza, watu wawili walipiga makofi.

“Kwa hiyo?” Mama akauliza.

“Kwa hiyo, serikali inaendelea kuliangalia suala hili kwa jicho la pekee.”

“Jicho tumelisikia, Mkurugenzi. Watoto wanaogelea wapi?”

Kicheko kilipita ukumbini. Mkurugenzi akajifuta paji la uso, akatutazama sisi wa mstari wa mbele, na nakumbuka uso wake ulivyobadilika, kama mtu aliyekumbuka watoto wake. Akasema kinjia kitafunguliwa kwa shule kila asubuhi ya siku za masomo, na kibao kitawekwa kabla ya kikao kijacho. Tukairudia ahadi hiyo wote.

Kibao kiliwekwa, tena kabla ya siku. Nasema haya kwa haki ya Mkurugenzi. Hata hivyo tulipofika getini askari alitufukuza. Tulimwambia kuna kibao. Akasema yeye hajaona kibao, na kweli hakukiona, maana kilikuwa kimesimikwa kikitazama baharini. Baadaye tuliambiwa ilivyokuwa. Mafundi wa wizara walipokileta, askari yuleyule aliwakatalia kupita getini. Wakarudi, wakatafuta mashua, wakaingia kwa njia ya maji, wakakisimika kikitazama walikotoka. Ukikisoma kutoka majini kilisema vizuri kabisa: NJIA YA UMMA.

Kikao kilichofuata kilikuwa kimejaa hadi madirishani. Mkurugenzi alisimama kwa kujiamini, akatangaza kwamba ahadi imetekelezwa.

“Kinatazama wapi hicho kibao?” Mama akauliza.

Mkurugenzi akamgeukia fundi mkuu. Fundi mkuu akatazama dari.

“Kinatazama baharini,” Mama akamsaidia. “Samaki wamekisoma, wameelewa, na hakuna hata mmoja aliyelalamika. Kwa hiyo?”

Bibi mmoja muuza matunda alicheka mpaka akaondolewa nje akanywe maji. Mkurugenzi naye alicheka, na hapo ndipo nilipoanza kumpenda. Aliahidi kwenda kukigeuza kwa mikono yake. Jumatatu alikwenda, na koleo begani, na askari akamzuia.

“Ndugu yangu, mimi ndiye niliyetoa ruhusa hiyo,” Mkurugenzi akamwambia.

“Na mimi ndiye niliyeambiwa nisiruhusu,” askari akajibu. “Sasa ndugu yangu, tutafanyaje?”

Alisimama juani mpaka meneja wa hoteli alipokuja mwenyewe na kuomba radhi, na kibao kikageuzwa. Mkurugenzi hajapata tena kusema “suala linaangaliwa.” Anasema ukishasimama getini pa sera yako mwenyewe, unaielewa vizuri zaidi. Leo askari yule hutufungulia kabla hatujafika, na hutuuliza nani ameshaweza kuelea.

Darasa letu lote lilijua kuogelea kabla ya mwaka kuisha. Mama Kwa Hiyo alikuja kutazama, akasimama mchangani na viatu mkononi. Mwalimu akamkaribisha majini, naye akakiri kwamba amewakaribisha wageni kwenye bahari hii karibu miaka thelathini, lakini yeye haijamfika magotini. Wiki iliyofuata alirudi amevaa vazi la kuogelea alilolishona mumewe, ambaye ni fundi cherehani wa suruali. Lilikuwa refu, la heshima, na kwa mazoea ya mkono wa fundi lilikuwa na mifuko minne. Mama alipoingia majini mifuko ilijaa, akawa mzito kama mtungi, na wasichana watatu tulimvuta huku yeye akipiga kelele, “Mwambieni baba yenu nimemsamehe!” Mifuko ikafumuliwa. Akiwa na miaka hamsini na saba, Mama Kwa Hiyo aliogelea kutoka jiwe moja hadi jingine, akasimama, akatugeukia sisi tuliokuwa tukimshangilia. Kabla hajafungua mdomo, darasa zima likamuuliza, “Kwa hiyo?” Akasema, “Kwa hiyo nina njaa!”

Mengine wenzake watayasema kwenye sherehe. Watataja vyoo vya umma vya gatini vilivyokuwa kwenye mpango tangu kabla sijazaliwa na sasa vina maji na mlango unaofungika, waongoza wageni waliopatiwa leseni bila kuzungushwa, na kodi ya wageni ambayo sasa husomwa hadharani imetumika wapi. Anapoulizwa siri ya mafanikio hayo, anasema hana siri, ana ufunguo wa ukumbi.

Hapo ndipo lilipo lile la kutia wasiwasi nililoahidi kutolificha. Mkataba wa hoteli wa kukodi ghuba yetu unaisha Desemba. Masharti mapya, pamoja na saa zetu za asubuhi, yalikuwa yaelezwe kwa wananchi kwenye kikao cha tarehe mosi Novemba, siku moja baada ya Mama kustaafu. Nafasi yake haijatangazwa. Jumatatu iliyopita nilipita ukumbini nikakuta tangazo mlangoni: kikao kimesitishwa mpaka itakapotangazwa tena. Nilimuuliza mama mdogo maana yake, akasema, “Mwanangu, mimi nimelichapa tu.” Mdogo wangu wa kike anaingia darasa la tano mwakani. Ameshachagua rangi ya vazi lake la kuogelea, na kila jioni anafanya mazoezi ya kupiga miguu juu ya kitanda, mpaka baba amemwambia atatuzamishia nyumba.

Nilimwendea Mama mwenyewe. Alikuwa akifungasha vitu vyake chini ya ngazi, akiimba. Nilidhani atakasirika nikimwambia habari za tangazo, lakini alikuwa amelisoma. Akanikalisha, akanigeuzia feni.

“Usinitazame mimi, mwanangu,” alisema. “Kuanzia tarehe mosi mimi ni raia kama wewe. Nitakuja, lakini nitakaa kitini. Kusimama basi, magoti haya yamesimama vya kutosha. Waulize wenye nyumba.”

“Wakinikasirikia?”

“Wakubwa hawa nimeishi nao. Wakiulizwa kwa adabu, hujibu. Wasipoulizwa, husahau. Nao ni watu.”

Mama, kwa niaba ya wanafunzi wote tulioelea kwa sababu yako, ahsante. Ahsante kwa kutukalisha mstari wa mbele. Tunakuombea asubuhi ndefu zisizo na kengele ya kazi, mume mwenye afya na cherehani isiyokata uzi, na bahari itulie kila utakapoingia. Usiende mbali sana na ufuo, mazoezi yako ya kupumua bado hayajakamilika.

Na kwa kuwa nimeambiwa niwaulize wenye nyumba, nauliza kwa adabu yote, nikimwandikia Mheshimiwa Waziri na Mkurugenzi wa Fukwe, ambao najua husoma jarida hili. Jibu naomba liletwe shuleni kwetu kwa mkono wa mama mdogo, siku ileile mtakayosoma, kwa sababu tarehe mosi haiko mbali na mdogo wangu ananiuliza kila anapoamka: Jumamosi hiyo, ni nani kati yenu atakayetufungulia ukumbi na kusimama mbele yetu?