Maisha ya Glafira Zueva, Aliyeshona Ncha za Viatu

Mheshimiwa padri, akina mama wa chumba cha mavazi, majirani wa Kolomna, wacheza dansi mliokuja na wanafunzi wenu, na ndugu wote, historia hii inasomwa na mdogo wake marehemu, Agnia Yermolaevna, na kwa kuwa anaona haya kusema "mimi" mbele ya jeneza hili, atajiita mdogo wake marehemu kila atakapojitaja, nanyi mtamvumilia, maana ana neno zito la kusema.

Marehemu Glafira Yermolaevna Zueva alizaliwa tarehe 14 Aprili 1862, hapahapa Petersburg, mtaa wa Kolomna, akiwa mtoto wa kwanza wa mzee Yermolai Suchkov, seremala wa jukwaa, na mama Fedosya, aliyefua mavazi ya wacheza dansi, na mwaka uliofuata akazaliwa huyo mdogo wake, wakakua pamoja chini ya kamba zilizoanikwa sketi nyeupe, wakilala kitanda kimoja, na marehemu ndiye aliyekuwa akilala upande wa dirisha lenye baridi.

Tarehe 1 Septemba 1872 wote wawili waliingia shule ya dansi ya baleti, ambako wanaoanza walivaa gauni la kahawia, waliofanya vizuri walivaa la waridi, na bora kuliko wote alivishwa jeupe, na wazee mliopo mnakumbuka kwamba viatu vya siku zile vilikuwa laini kama soksi, nguvu yote ya kusimama juu ya vidole ilitoka kwenye uzi, na kila msichana alishona ncha za viatu vyake mwenyewe. Marehemu alishona kwa subira kuliko wote, na ndani ya kila kiatu alitia mshono mmoja wa uzi wa buluu ili visichanganywe na vya wengine.

Tarehe 23 Machi 1878 ulifanyika mtihani wa gauni jeupe, nao wawili, wakiwa bado kwenye waridi, waliitwa siku moja, na hapa ndipo penye aibu. Wakati huo fasheni ilikuwa vinywele vilivyoviringwa juu ya paji la uso, hata aliyecheza mtumwa au mzuka lazima awe navyo, na mdogo wake marehemu alimaliza siku nzima iliyotangulia akiviringa nywele kwa vipande vya karatasi, viatu vyake vikabaki bila hata mshono mmoja, na asubuhi ya mtihani, dada yake alipokwenda kunawa, mdogo alichukua viatu vya dada huyo, akafumua ule uzi wa buluu, akavivaa, akamwachia vile visivyoshonwa.

Marehemu alivigusa ncha tu akajua, lakini majina yalikuwa yameshaitwa, akatazama miguu ya mdogo wake, akaitambua kazi ya mikono yake, wakatazamana, kisha akafunga utepe na kwenda kucheza. Aliteleza kwenye mzunguko wa tatu, mfupa wa kifundo ukavunjika, na mwalimu alipookota kiatu akauliza kwa hasira, "We Suchkova, kiatu gani hiki? Ncha umeishona wapi?" marehemu, aliyeitwa Suchkova kwa jina la baba, akiwa sakafuni alijibu, "Nilisahau, bibi."

Gauni jeupe akavishwa mdogo wake.

Baba yao alisema, "Uvivu wako umekuponza, usinililie mimi," na hakumsemesha hadi Pasaka. Kuanzia hapo, kwa miaka thelathini na mitatu, kila mwanafunzi mzembe aliambiwa, "Shona ncha hizo, usije ukawa Suchkova," na mdogo wake marehemu aliusikia msemo huo mara nyingi, hata mezani mbele ya wageni, naye akacheka pamoja nao.

Mwezi Septemba 1878 marehemu aliajiriwa katika chumba cha mavazi cha jumba la baleti akitembea kwa kuchechemea, akafanya kazi humo hadi mwaka jana, akaziona sketi zikipanda kutoka chini ya goti hadi pajani, na wacheza dansi Waitaliano walipoleta viatu vyenye ncha ngumu, yeye ndiye aliyekifumua kimoja kwa wembe, akahesabu tabaka za kitambaa na gundi, akawafundisha wenzake. Viatu vya mdogo wake alivishona kwa misimu ishirini, bila kuombwa, na ndani ya kila kimoja akatia mshono wa buluu, na hakuna siku aliyoutaja.

Tarehe 20 Januari 1885 alifunga ndoa na Platon Zuev, mtunza taa za gesi jukwaani, mtu wa mizaha aliyependa kumwambia, "Mke wangu anachechemea kwa mdundo," wakajaliwa binti mmoja, Varvara, tarehe 3 Juni 1887. Varvara alipopelekwa kujaribiwa shuleni mwaka 1897, mmoja wa watahini waliokaa mezani alisema, "Huyu si mtoto wa yule mvivu? Mwacheni akashone," na mdogo wake marehemu, aliyekuwa amekaa kwenye meza hiyohiyo, aliinamia karatasi zake. Varvara, mwanangu, hukukataliwa kwa kosa la mama yako.

Marehemu alianza kukohoa Oktoba 1910, akazidiwa baada ya Krismasi, na Jumapili ya mwisho mdogo wake alianza kumwambia, "Dada, ile siku ya mtihani," naye akamshika mkono, akasema, "Kunywa chai, Agnia, inapoa." Akafariki tarehe 9 Februari 1911, alfajiri.

Familia inamshukuru daktari aliyepanda ngazi tano kila siku bila kunung'unika, majirani waliowasha jiko letu tulipokuwa tumelemewa, na akina mama wa chumba cha mavazi, waliomshonea shuka hii aliyofunikwa, na ambao leo wanaombwa jambo moja, kwamba ule msemo wa Suchkova ukome hapa, au kama hamuwezi kuuacha, basi msemeni aliyestahili, anaitwa Agnia.

Viatu vile vya mtihani sikuwahi kuvitupa. Ninavyo hapa, hata alama ya uzi nilioufumua bado inaonekana, na sasa naviweka miguuni pake, kwa kuwa ni vyake.

Pumzika kwa amani, dada. Hukusahau.