Usingizi wa Nasike

NASIKE: Haloo? Ni nani?

MURUNGA: Ni mimi, bwana yako. Nasike, uko mzima?

NASIKE: Tuko tu. Sema haraka, Baba Nangila. Memsahib ametoka, Jemutai wa jikoni amenifungulia ofisi, sasa anachunga barabara. Wakinikuta na simu ya—

MURUNGA: Mtoto je?

NASIKE: Nimempakata hapa. Shangazi yako anakuja kumchukua leo.

MURUNGA: Leo!

NASIKE: Anasema nyumba yangu iko na mzimu. Na ni kweli! Jana nilisinzia nikichambua mboga, nikamwona mama yako tena. Amekaa kitandani... [laini inakwaruza] ...kidole siwezi kuinua. Tulimpa mtoto jina lake, bado anakuja. Anataka nini tena?

MURUNGA: Hataki kitu. Nimetoka kwa daktari hapa Eldoret. Ni ugonjwa wa usingizi, siyo malale, hata Ulaya uko. Ndoto inaanza kabla hujalala vizuri—

NASIKE: Na magoti? Harusi ya Wanyonyi nilicheka tu, nikaanguka.

MURUNGA: Ni huo huo. Kicheko ndicho kinamaliza nguvu. Lakini unasikia kila kitu, siyo?

NASIKE: Kila kitu. Niliwasikia watu wa harusi wakisema nimerogwa.

MURUNGA: Hujarogwa. Mwambie shangazi hivyo, na mtoto asitoke hapo. Halafu mama yangu si ulimjua? Alipokuwa hai hakuweza kutulia. Leo akae kitandani, anyamaze, asiulize hata sukari imekwisha namna gani?

NASIKE: [anacheka] Wewe! Na angefunua kila sufu—

[Kishindo. Mtoto analia.]

MURUNGA: Nasike? Nasike! Mungu wangu, nimemchekesha. Jemutai! Jemutai!

[Mtoto analia.]

MURUNGA: Nasike, najua unasikia. Usiogope, itapita. Analia, ni vizuri, analia. Niko hapa, siendi.

POSTA: Eldoret, hapa posta, muda wa simu umekwisha.

MURUNGA: Ngoja, bwana! Mtoto wangu ameanguka!

POSTA: Wengine wanangoja laini.

MURUNGA: Nakuomba! ...Mama. Mama, kama kweli unakuja, kama uko hapo, mshike mtoto.

[Mtoto ananyamaza.]

MURUNGA: Nasike, umeamka? Ni wewe?

[Laini inakwaruza.]

MURUNGA: Jemutai?

[Kimya.]

MURUNGA: Nani amemshika?

POSTA: Nakata.