Barua Iliyomzika Mume Wangu Akiwa Shambani

Mheshimiwa Mgeni Rasmi. Mheshimiwa Mkuu wa Chuo chetu cha Ualimu Mkwajuni. Wakufunzi wetu mliovaa majoho na mlioazima. Viongozi wa dini na wa mtaa. Wazazi wenzangu mliotoka Kisarawe, Mlandizi, Kwala na hapa hapa Maili Moja. Wahitimu, watoto wetu. Na wewe mume wangu Mwinyimadi uliyekaa safu ya nne karibu na spika: Assalaam alaykum. Bwana Yesu asifiwe. Na ambaye salamu yake sijaitaja, habari za mchana.

Naitwa Mwanamvua, natoka Kibuta, ni mama yake Swaumu. Shule yangu iliishia darasa la tano mama yangu alipougua, kwa hiyo nikikosea mnisamehe, na nikipatia pia mnisamehe, maana sikukusudia kumzidi mtu.

Nimesimama kwa niaba ya wazazi, lakini msidhani nilichaguliwa kwa ufasaha. Jana kwenye kikao chetu, mwenyekiti wetu Bwana Hamidu alikuwa mzungumzaji hodari mpaka alipoambiwa kwamba chuo kimepanda hadhi na mwaka huu neno la wazazi litasomwa kwa Kiingereza. Hapo hapo akashikwa na kikohozi. Akamgeukia makamu wake, naye akakohoa. Kikohozi kikazunguka mabenchi yote mpaka ukumbi ukawa kama wodi. Mimi sikukohoa, kwa sababu nilikuwa na shida yangu, na mwenye shida hakohoi.

Nawashukuru viongozi wa chuo, hawakuniacha hivi hivi. Walinipa hotuba iliyokwisha kuandikwa, kurasa mbili, herufi kubwa kama za bango la barabarani. Mkufunzi mmoja akanifundisha kuisoma asubuhi nzima. Nikamwuliza, "Mwanangu, inasema nini hii?" Akasema, "Mama, wewe isome tu, inasema vizuri." Nikamwuliza, "Na wazazi wenzangu wataelewa?" Akasema, "Watapiga makofi."

Ni kweli, Mheshimiwa, tunapiga. Hotuba ya Mkuu wa Chuo hapa sasa hivi nimeipigia makofi mara tisa. Mara mbili nilipiga peke yangu.

Kwa hiyo ile hotuba yenu nimeikunja vizuri, haijachafuka, mtampa mzazi wa mwakani. Hii ninayoisoma nimeiandika mwenyewe, kwenye kurasa zilizobaki za daftari la Swaumu, na naomba uvumilivu wenu kwa sababu ina msiba ndani yake.

Mwanangu alipoingia chuo hiki, alikuja likizo na kitu kinaitwa kwa Kiswahili chetu utungaji. Nikafurahi, nikadhani ni kutunga shanga. Kumbe ni kutunga maneno ya Kiingereza yakae kwenye mstari. Alisoma kwa bidii ambayo mimi sijaiona hata kwa watu wanaotafuta mume. Akipalilia mihogo, kitabu kiko kiunoni. Akichota maji, midomo inakwenda. Kuku wangu walikuwa wanaitwa kwa Kiingereza mpaka wakawa hawaji nikiwaita mimi.

Likizo ile aliandika habari ya likizo yake, kama alivyoagizwa. Akaandika ukweli: tulivuna mihogo, tukaimenya, tukaianika, mvua ikaja tukaianua, jua likatoka tukaianika tena. Akapata alama tano kati ya ishirini, na pembeni pameandikwa kwa kalamu nyekundu kwamba habari yake haina mvuto. Rafiki yake, ambaye likizo nzima alikuwa nyumbani kwao Mlandizi anafukuza ndege kwenye mpunga, aliandika kwamba alipanda ndege na wazazi wake wakaenda kuangalia theluji. Akapata kumi na nane. Nikamwambia Swaumu, "Basi na wewe mwanangu utupeleke mahali." Wazazi wenzangu, kosa langu la kwanza ni hilo. Nilidhani atatupeleka mahali pa karibu.

Mwezi wa nne alikwenda Kwala, kwenye mazoezi ya kufundisha shule ya msingi. Kabla hawajaondoka, Mwalimu Tito, anayefundisha utungaji, aliwapa zoezi: kila mmoja aandike barua kwa Mkuu wa Chuo akiomba ruhusa ya dharura. Iwe na anwani zote mbili, iwe na kichwa cha habari kilichopigwa mstari, na iwekwe kwenye bahasha iliyoandikwa inavyotakiwa. Mnaijua barua ya Kiingereza? Inavaa nguo nyingi sana kabla ya kusema jambo.

Sasa niwaulize nyinyi mliosoma: Mtanzania akiomba ruhusa ya dharura, anasema nini? Si anasema amefiwa? Swaumu akamfisha baba yake. Akamfisha kwa jina kamili, Mwinyimadi wa Kibuta, akaweka na ugonjwa, na mwisho kabisa wa barua, chini ya sahihi, akaandika kwamba hili ni zoezi namba nne, la Mwalimu Tito. Akaitia kwenye bahasha, akaandika juu yake jina la Mkuu wa Chuo kama alivyofundishwa, akampa mwenzake aliyekuwa anarudi huku chuoni Kibaha aifikishe kwa Mwalimu Tito. Mwenzake akaiacha mapokezi. Na mapokezi, kwa uadilifu ambao lazima niusifu leo mbele ya Mgeni Rasmi, walisoma jina lililoandikwa juu wakaipeleka kwa huyo huyo.

Barua ile ilipita ofisi tatu. Naambiwa kila ofisi iliisoma na kila ofisi ikagonga muhuri. Mihuri mitatu, jamani. Ofisi ya kwanza ilitambua neno la baba na neno la kufa, ikaona yanatosha. Ya pili ikaona ya kwanza imegonga. Ya tatu ikauliza Swaumu yuko wapi, ikajibiwa hayupo chuoni. Basi, kama hayupo ameshakwenda msibani. Kufika mwisho wa karatasi hakuna aliyefika. Nani angekwenda kumwuliza mwenzake, "Hii mistari ya chini inasema nini?" katika chuo ambacho Kiingereza ndicho heshima ya mtu?

Siku ya Jumatano, baada ya adhuhuri, nilikuwa uani namenya mihogo. Nikaona gari la chuo linapanda kilima. Wakashuka watu saba, nyuso chini, na kiroba cha mchele na sukari. Mbele yao Mkuu wa Chuo mwenyewe, amejifunika mtandio mweusi. Mheshimiwa Mkuu, ulikuwa umependeza, lakini ulinikata maini.

Mwanangu yuko kwenu. Nyinyi mnakuja kwangu mmevaa nyeusi. Mama gani hapo anauliza swali? Kisu kilinitoka mkononi. Nikasema "Swaumu," nikakaa chini kwenye maganda, nikalia, na majirani wakaja.

Mkuu wa Chuo akanishika bega. "Pole mama. Kazi ya Mungu haina makosa."

"Mwanangu hakuwa hata na homa," nikasema.

"Mwanao ni jasiri sana. Ametuandikia mwenyewe barua ya msiba. Barua nzuri mno."

Nikiwa pale chini nikawaza, kumbe Kiingereza kimefika mbali hivi, maiti anaandika barua kueleza kifo chake.

Jirani yangu Bi Tatu, ambaye haulizi nani amekufa mpaka sufuria iwe jikoni, alishachukua mchele na kuanza kukata vitunguu. Mikeka ikatandikwa. Ndipo mume wangu akatokea shambani, jembe begani. Wageni hawamjui. Mkufunzi mmoja akamsogezea nafasi kwa adabu, akamwambia, "Karibu mzee, kaa. Tumempoteza Mzee Mwinyimadi."

Mume wangu ni mtu wa dini, hakatizi dua. Akaweka jembe chini, akakaa, akainua mikono, akajiombea maghufira pamoja nao mpaka mwisho. Walipopangusa nyuso akauliza taratibu, "Mwinyimadi yupi huyo?"

"Wa nyumba hii. Baba yake Swaumu."

Akafikiri. Akasema, "Baba Swaumu ni mimi. Na nina njaa."

Bi Tatu akasema kutoka jikoni, "Si ungesema mapema kama hujafa, vitunguu vyote nimeshakata."

Wazazi wenzangu, mnacheka, na mimi leo nacheka. Siku ile sikucheka mpaka Mwalimu Tito, aliyekuwa mmoja wa wale wageni saba, alipompigia Swaumu simu na kunipa nizungumze naye.

"Mama, mbona unalia?"

"Silii. Sema kitu."

"Niseme nini, mama?"

"Chochote mwanangu. Hata Kiingereza."

Ule mchele tuliula pamoja na wageni wetu, kwa hiyo kama chuo kinaudai, kiwadai na wakufunzi wake.

Nilidhani mambo yameishia kwenye sahani. Kumbe kamati ya nidhamu ya chuo ilikaa. Mwalimu Tito, Mungu ampe umri, aliisahihisha ile barua kama zoezi lilivyotaka, akampa mwanangu kumi na tisa kati ya ishirini. Alama moja ilipotea kwa sababu hakutaja mazishi ni saa ngapi. Wiki hiyo hiyo kamati ikamtia hatiani kwa kuudanganya uongozi wa chuo. Karatasi moja, upande huu sifa, upande huu kosa. Mimi wa darasa la tano nauliza: ukweli wa mihogo ulipata tano, uongo wa theluji ukapata kumi na nane, uongo wa kifo ukapata kumi na tisa. Mwanafunzi aliyefundishwa hivyo miaka miwili, alimdanganya nani? Na je, kudanganya ni kuandika mwisho wa barua kwamba hili ni zoezi, au ni kugonga muhuri kwamba umesoma?

Mkaniandikia na mimi barua, mzazi wake, kwa Kiingereza. Nikaipeleka kwa Bwana Hamidu, huyu huyu mwenyekiti wetu, ambaye ana duka la dawa na husoma maandishi ya madaktari. Akaitazama, akaona neno la cheti, akanipa mkono. "Hongera mama Swaumu, wanazungumzia cheti cha mtoto." Nikachinja kuku wawili, nikaita majirani, Bi Tatu akakata vitunguu. Bwana Hamidu, usikohoe, sikulaumu, ulikula vizuri.

Swaumu aliporudi nikamwonyesha barua yake ya heri. Aliisoma mara moja, akaiweka juu ya mkeka, akailainisha kwa kiganja kama mtu anayelaza mtoto. Akasema, "Mama, wamesema cheti changu kimezuiwa."

Nikamwambia, "Hamidu kasema hongera."

Akasema, "Mama, Kiingereza chetu ndivyo kinavyosomwa. Mtu anaona neno analolijua, anasimama hapo hapo."

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ndiyo hali ilivyo leo. Mwanangu yuko pale mstari wa pili, amevaa joho kama wenzake. Jina lake limo kwenye orodha ya kwaya iliyowaimbia, na ameimba. Kwenye orodha ya vyeti vilivyo juu ya meza hiyo mbele yako, jina lake halimo. Bila cheti hataajiriwa, na watoto wa Kwala aliowafundisha mwezi mzima, ambao naambiwa walilia alipoondoka, watamsubiri mwalimu ambaye kosa lake ni kufanya zoezi lote, mpaka na bahasha.

Sikuja kugombana. Nawapenda wakufunzi hawa. Mlipodhani tumefiwa, hamkutuma ujumbe wa simu. Mlikuja wenyewe, mkapanda kilima, mkakaa kwenye maganda ya mihogo pamoja na mimi. Hilo hamkulisoma kwenye kitabu cha Kiingereza. Niliyemlilia siku ile ni mtoto wangu, nikarudishiwa. Leo naomba mnirudishie tena.

Mume wangu, tafadhali simama wakuone. Mheshimiwa Mkuu wa Chuo, huyo ndiye marehemu. Mchango wake kwenye kesi hii ni kuwa hai. Ahsante, baba Swaumu, kaa.

Na kwa kuwa chuo hiki kinaheshimu barua, nimekuandikia moja. Nimeweka anwani zote mbili. Kichwa cha habari nimekipiga mstari kwa rula. Bahasha ina jina lako. Kwa ruhusa ya Mgeni Rasmi naomba niisome hapa, ili mapokezi wasipate taabu:

"Mheshimiwa Mkuu wa Chuo, shikamoo, ingawa mimi ni mkubwa kwako. Mimi Mwanamvua naomba cheti cha mwanangu Swaumu. Baba yake mzima. Mama yake mzima ila ana wasiwasi. Wako, mama uliyempa pole. Mistari ya chini: hili si zoezi. Nakuomba usigonge muhuri kabla hujafika hapa."

Nakuletea sasa hivi mezani, mkononi kwako, nikishuka. Nitasimama hapo pembeni, sina haraka, nimezoea kuanika na kuanua.

Nawashukuru wote, na zaidi nawashukuru kwa jambo ambalo barua ya mwanangu haikulipata katika ofisi tatu. Asanteni kwa kunisikiliza mpaka mwisho.