Mama Mkavu, Mlinzi wa Kamera Zinazolala Majumbani

Ijumaa, tarehe 30 Juni, saa kumi alasiri, Mama Mkavu atakabidhi funguo za stoo ya vifaa vya picha baada ya kuzibeba kwa miaka thelathini na miwili na miezi minne. Jina lake kamili limo kwenye faili la utumishi, lakini sidhani kama wapo watu watano katika jengo hili wanaolijua. Mkurugenzi mwenyewe aliwahi kumwandikia barua ya pongezi iliyoanza "Ndugu Mama Mkavu", na hakuna aliyeona kosa.

Aliajiriwa na gazeti letu akiwa na umri wa miaka ishirini na minane, cheo chake karani wa stoo. Stoo yenyewe ilikuwa chumba chembamba chini ya ngazi, chenye rafu tatu, daftari moja na dirisha lililogoma kufungwa. Kazi yake ilikuwa kuandika kamera ikitoka na kuandika kamera ikirudi. Lakini moto, ajali na viongozi havimsubiri mtu apitie ofisini kwanza, kwa hiyo sisi wapiga picha tulikwenda na kamera nyumbani na kulala nazo. Dada Stoo, kama tulivyomwita wakati ule, aliambiwa waziwazi kwamba kamera ikishavuka geti si shauri lake tena.

Alitii kwa miaka mitatu. Mwaka wa nne ikaja mvua ya kupitiliza. Ilinyesha miezi mitatu bila huruma, nguo zikawa zinavaliwa mbichi, chumvi ikageuka maji koponi, na milango ikavimba hadi watu wakawa wanaifunga kwa bega. Picha zetu nazo zikaanza kutoka zimefifia, kama zimepigwa nyuma ya chandarua. Lawama za kwanza zilimwangukia fundi wa chumba cha giza, aliyesafisha filamu zetu, maskini, akamwaga dawa zake zote akachanganya mpya. Wapi! Hatimaye fundi wa kamera akaifungua lenzi ndefu kuliko zote tulizokuwa nazo, moja tu idara nzima. Alikodoa macho kama fundi saa aliyepoteza nati. Ndani ya kioo zilikuwa zimetambaa nyuzi nyeupe, nyembamba mithili ya utando wa buibui. Ilikuwa kuvu.

Lenzi hiyo ilikuwa imekabidhiwa kwangu, mimi ninayeandika wasifu huu.

Mkuu wa idara wa siku zile alikuwa mtu mwema, ila hasira zake zilitangulia akili kwa hatua mbili. Alisema nimeitumbukiza majini na sasa nasema uongo. Barua ya kunifukuza kazi ikachapwa. Mke wangu alikuwa na mimba ya miezi saba, na sikujua ningeingia nyumbani na uso gani. Kilichoniuma zaidi ni kwamba lenzi ile niliitunza kuliko nilivyojitunza mwenyewe. Kila jioni niliifunga katika mfuko wa plastiki, nikautia mfuko ndani ya begi la ngozi, nikalizika begi chini ya makoti kabatini. Nilieleza hivyo kikaoni. Maneno yangu yakapita kama upepo.

Ndipo mlango ukafunguliwa na Dada Stoo akaingia, daftari kwapani. Hakuwa ameitwa, ila habari ya kabati aliisikia akiwa mlangoni.

"Mzee, shikamoo," alisema. "Kabla hujamfukuza, niruhusu nikalione kabati lake."

Watu walicheka. Mkuu akamuuliza kabati la mtu lina uhusiano gani na stoo. Naye akajibu bila kupepesa, "Hiyo lenzi kwangu inakaa saa mbili, kwake inakaa saa kumi na mbili. Sasa mzee, stoo ni ipi hapo?"

Alipewa wiki tatu za kuchunguza. Alipotoka, mkuu alitikisa kichwa akasema dada huyu ni mkavu wa macho kwelikweli. Jina likamganda siku hiyohiyo. Baadaye alipozaa na umri kusonga, "dada" ikawa "mama", na maana ya ukavu nayo ikabadilika kuwa ya heshima.

Jumamosi alifika kwangu. Mke wangu alimkaribisha kiti na chai, akashukuru, akaomba kwanza aonyeshwe chumbani. Alivuta kabati kutoka ukutani, akaweka kiganja kwenye ukuta. Ulikuwa baridi na unateleza. Upande wa pili ni bafu. Akalinusa begi la ngozi kama mtu anayenusa maziwa ya jana. Chini lilikuwa limeota rangi ya kijani. Mimi niliona aibu, lakini yeye akaketi kitandani akaniambia kwa upole, "Kaka, wewe si mzembe. Umeipenda mpaka umeiziba pumzi." Kila jioni nilikuwa narudi kutoka kwenye manyunyu, naifunga lenzi pamoja na unyevu wake, naipeleka gizani kwenye joto la nguo. Kuvu ingetaka nini tena, isipokuwa mto wa kulalia?

Hakuishia kunipa pole. Alitafuta lenzi mbili kuukuu, safi lakini zisizotumika tena. Moja tuliifunga vilevile nilivyozoea, tukairudisha kabatini mwangu. Ya pili tuliifuta, tukaiacha wazi mezani saa nzima ikauke, kisha tukaitia ndani ya kasha la plastiki lenye kifuniko cha kubana. Ndani yake aliweka vile vipakiti vidogo vya chembechembe za kufyonza unyevu ambavyo watu huvitupa wakinunua viatu. Alikuwa amevikusanya duka kwa duka, akavikausha kwenye kikaango juu ya moto mdogo. Kasha likakaa juu ya rafu, mbali na ukuta wa bafu.

Wiki tatu zilipotimia aliziweka zote mbili mezani kwa mkuu. Mkuu aliinyanyua ya kwanza akaielekeza dirishani. Nyuzi zilikwishaanza kutambaa ukingoni. Akainyanyua ya pili. Ilikuwa safi kama jicho la mtoto. Akarudia tena ya kwanza, kisha ya pili. Halafu akafungua droo, akatoa barua yangu, akaichana vipande vinne. "Dada, nimejifunza," alisema, na kwa mtu wa hasira zile, hayo yalikuwa mengi. Binti yetu alizaliwa baba yake akiwa bado ana kazi.

Tangu hapo kila mpiga picha aliyeajiriwa alikabidhiwa kamera pamoja na kasha, vipakiti na kipima unyevu kidogo chenye mshale. Mshale ukae kati ya arobaini na hamsini. Ukipanda, kuvu hualikwa. Ukishuka mno, mipira ya kamera hukakamaa na kupasuka. Betri itolewe. Begi la ngozi ni la safari, si la kulalia. Ukitoka kwenye chumba chenye kiyoyozi kwenda kwenye fukuto la nje, iache kamera ndani ya begi kwa nusu saa ili isitoke jasho. Na angalau mara moja kwa wiki itolewe ione mwanga, ifanye kazi. "Kamera ni kama goti," hupenda kusema, "usipolikunja linagoma."

Kisha akaanzisha ziara za makabati. Mwanzoni zilituudhi. Nani anataka mtu wa ofisini aone soksi zake? Lakini alikuja kwa adabu, akabisha hodi, akawasalimu wazee wa nyumba, akaondoka bila kutangaza aliyoyaona. Wake zetu walimpenda kwa sababu kuta zilizovuja miaka na miaka zilizibwa ndani ya wiki moja baada ya yeye kupita. Mama mkwe wangu mpaka leo humwita fundi.

Mpiga picha wetu wa michezo, tunayemwita Bwana Goli, alidhani amegundua njia ya mkato. Aliifukia kamera kwenye ndoo ya mchele, kwa kuwa alisikia mchele hunywa maji. Wiki moja baadaye, katikati ya fainali, fukusi alitoka taratibu kwenye kitafutio, kile kidirisha cha kuchungulia, akatembea juu ya nyusi zake. Alilikosa goli la ushindi. Mama Mkavu hakumgombeza. Alimwita stoo, akampa kasha jipya, akamwambia, "Mchele pikeni. Kamera leteni kwangu."

Nyumbani kwake mambo hayakuwa tofauti. Mumewe, fundi cherehani mpole, alizoea kuwaambia wageni kwamba mkewe ana watoto watatu wa kuzaa na kumi na wawili wa kioo, na kwamba wale wa kioo ndio waliopewa rafu nzuri. Suti yake ya harusi ilining'inia nyuma ya mlango kwa miaka tisa, maana kabati lilijaa lenzi za akiba.

Msidhani hakukosea. Mwaka tuliohamia jengo hili, aliacha kifuniko cha kasha moja bila kubanwa, na kamera mbili zikaingia kuvu mikononi mwake mwenyewe. Hakuna ambaye angejua. Wahenga wamesema mficha maradhi kifo humuumbua. Yeye aliandika taarifa ya kurasa mbili, akaibandika kwenye ubao wa matangazo, akaisaini kwa jina lake lile kamili. Nafikiri siku hiyo ndiyo tuliyomwamini kabisa. Miaka kumi na tisa imepita tangu wakati huo, na hatujapoteza lenzi hata moja kwa unyevu. Magazeti mengine yalileta watunza stoo wao kujifunza kwake, naye hakuwaficha lolote. Atakayekabidhiwa mikoba yake, dada kutoka maktaba, amefuatana naye nyumba kwa nyumba kwa miezi sita, na tayari ameshaanza kutufokea.

Jambo moja lilinishangaza mwezi uliopita. Katika miaka yote hiyo Mama Mkavu hakuwahi kupiga picha. Hakuwahi hata kubonyeza kitufe, alisema, maana kazi yake ilikuwa kutunza vya wengine. Sasa amejinunulia kamera ndogo, na akaniomba nimfundishe. Tulikutana kwake Jumapili asubuhi. Picha yake ya kwanza alimpiga mumewe akiwa amesimama getini. Imeenda upande, nusu ya kipara haimo, na kidole chake mwenyewe kimefunika kona.

Aliitazama kwenye kioo kidogo kwa muda mrefu.

"Mbona ananiangalia hivi?" akauliza.

Nikamwambia, "Mama, ndivyo anavyokuangalia siku zote. Wewe ulikuwa unaangalia makabati."

Alicheka hadi akaketi kwenye ngazi, huku akipangusa macho, na mumewe akaja kuuliza kulikoni. Picha hiyo, kwa idhini yao wawili, ndiyo tuliyoiweka kwenye jalada la programu hii ya kumuaga, na wahariri wameapa kutoinyoosha.

Mama, kwa niaba ya idara ya picha, na kwa niaba ya mke na binti yangu, asante. Tunakuombea afya, siku ndefu zenye mwanga mzuri wa asubuhi, na muda tele wa kumpiga mzee picha mpaka kichwa chote kiingie.