Mama Tulieni, Aliyeifuta Ramani Yake Mwenyewe

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kuitazama misitu kwa rada, mkuu wa kitengo chetu cha ramani anastaafu. Jina lake la kwenye barua wengi tumelisahau. Hapa ofisini ni Mama Tulieni, kwa sababu upepo ukivuma husimama dirishani akaikaripia miti ya uani kama watoto waliokosa adabu.

Wageni hudhani ni mzaha. Rada ya setilaiti huupiga picha msitu mmoja mara mbili, kwa siku tofauti. Picha zikilingana, miti ipo. Zisipolingana, huenda imekatwa. Shida ni kwamba upepo ukiyumbisha matawi, picha nazo hukataa kulingana, na kompyuta haijui kutofautisha upepo na shoka.

Alilijua hilo fika, na bado likamponyoka. Mwaka wake wa nane kazini alitia saini ramani iliyoonyesha kilima kizima kimefyekwa. Mlinzi wa msitu ule, kijana mwenye mtoto mchanga, akaambiwa ajiandae kufukuzwa, maana ama alilala, ama alikula njama na wakata miti. Akajibu kwa simu kwamba miti yote ipo, na asiyeamini aje aihesabu. Wakubwa wakacheka.

Mama Tulieni hakucheka. Kesho yake alikipanda kilima kwa viatu vya ofisini, akakuta msitu mzima umesimama, unayumba kwa upepo uliompokonya kitambaa cha kichwani. Kitambaa hicho hakijaonekana hadi leo.

Akarudi moja kwa moja kwa mkurugenzi, akaifuta ramani yake mwenyewe mbele ya watu. Wapo waliomshauri kuwa funika kombe mwanaharamu apite. Akawajibu kuwa hawezi kumnyima mtu ugali kwa kosa la upepo.

Tangu hapo hakuna ramani inayotoka kabla hatujauliza kituo cha hali ya hewa upepo ulivumaje siku zote mbili. Wajuaji waliojaribu kuruka hatua hiyo walizikuta ramani zao zimerudi mezani, zimekunjwa vizuri, bila neno. Tulinuna sana, na tunampenda sana.

Dada yetu, mwalimu wetu, ahsante. Nenda ukapumzike, na siku zako zote ziwe za afya na furaha. Ila kabla hujatoka, tazama safu ya mbele. Yule mwenye mvi ni mlinzi wa kilima kile, ameomba ruhusa ya siku moja aje kukuaga. Amevaa sare.