Benchi la Waliopona: Maisha ya Sista Debra Aoko Owiti

Watumishi wa Mungu, ndugu na majirani wa Kombewa, na nyinyi wauguzi mliotoka zamu asubuhi mkaja moja kwa moja, poleni na asanteni. Mimi ni Nekoye, mke wa Byron. Marehemu alikuwa mama mkwe wangu, na ni yeye aliyesema mimi nisome wasifu wake.

Mama alizaliwa tarehe 9 Juni 1964 kule Katito, Nyakach, mtoto wa tatu wa hayati Mzee Obonyo na hayati Mama Amolo. Mama yake alikuwa akitoka shambani na hakufika nyumbani, ndiyo maana mtoto akaitwa Aoko, aliyezaliwa nje.

Alisoma shule ya msingi hapo hapo Katito, akamaliza kidato cha nne mwaka wa 1982. Baadaye alisomea uuguzi mjini Kisumu, akahitimu mwaka wa 1986. Mwaka uliofuata alitumwa kituo cha afya cha Kombewa.

Huko ndiko alikompata Mzee Ogola Owiti, fundi wa mashini za boti, aliyekuja na kidole kilichokatika. Mama alimwambia angoje, kwa sababu mtoto mwenye degedege alikuwa ameingia nyuma yake. Mzee alingoja kwa muda wa saa nne. Kesho yake akarudi akisema bado kinauma. Kilikuwa hakiumi. Walifunga ndoa tarehe 17 Desemba 1988, wakapata Byron na Maryanne.

Mwaka wa 1999 alihamishiwa hospitali moja kubwa mjini Kisumu, familia ikahamia mtaa wa Migosi, na mwaka wa 2015 akawa msimamizi wa wauguzi wa idara ya dharura, ile tunaita kazualti. Vitanda vilikuwa kumi na vinne. Wagonjwa hata hamsini, wengine sakafuni, dripu imefungwa kwa dirisha.

Tarehe 6 Machi 2018, saa nne asubuhi, aliletwa mwendesha boda wa Kaloleni aliyeitwa Waswa. Vitanda vyote vilikuwa na watu waliokwisha kutibiwa, wanangojea nafasi wodini. Waswa alihudumiwa sakafuni, na sakafuni akakata roho. Mama alimfumba macho, akanawa mikono, akapanda ngazi kwenda wodi ya wanaume.

Alikuta wanaume tisa wamevaa viatu, mabegi yamefungwa, wamekaa juu ya vitanda. Wote walikuwa wamepewa ruhusa ya kwenda nyumbani.

"Sasa mnangoja nini?" akauliza.

"Tunangoja kanisa, Sista."

Nyinyi mnatujua. Mtu akipona hatoki hospitali hivi hivi. Lazima akina mama wa kanisa waje saa nane, waimbe, waombe, wapige picha, ndiyo ashuke kitandani. Na Mama mwenyewe ndiye alikuwa kiongozi wa akina mama kanisani kwetu. Aliniambia, "Nekoye, nilipanda juu kutafuta mwenye makosa. Nikakuta ni mimi."

Hakukataza maombi. Aliomba mabenchi, waliopona wangojee hapo. Daktari mkuu akampa mwezi mmoja: kazualti isipopungua watu, mabenchi yaondoke, na Mama aache usimamizi, arudi wodini. Wiki ya kwanza hakuna aliyekaa. Alikuwa ameyaweka kwenye veranda pekee iliyokuwa na nafasi, na veranda hiyo inaelekea mochari. Mzee mmoja akamwambia, "Sista, mimi si nimepona? Mbona unanielekeza huko?" Mama alicheka mpaka akakaa benchini yeye mwenyewe. Akayahamisha upande wa pili, karibu na mlango ambao akina mama hutokea na watoto wachanga.

Hata hapo walibisha. Nilikuwa nimempelekea chakula, nikamsikia nyanya mmoja akisema, "Unanifukuza kabla sijaombewa?"

"Dana, nyanya yangu, Mungu anasikia hata kwa benchi."

"Na picha?"

"Picha ya kitandani, watu watasema bado unaumwa. Hapa nje utatoka mrembo."

Nyanya alishuka, akauliza kama kuna kioo.

Kila asubuhi saa moja Mama alipita wodini akiuliza nani anaenda nyumbani leo. Msimamizi wa wodi akimwona alisema, "Askari wa vitanda amefika, kaeni sawa!" Mwezi ulipoisha, vitanda vya wodi vilikuwa vinaachwa kabla ya saa tano, na kazualti hapakuwa na mgonjwa sakafuni. Mabenchi yapo hadi leo.

Nyumbani alikuwa vile vile. Siku ya kwanza Byron aliponileta, nilimaliza chai, Mama akachukua kikombe, halafu akachukua na kiti. Nilidhani hanipendi. Kumbe wageni wengine walikuwa wamesimama mlangoni.

Alistaafu Juni 2024, wakarudi Kombewa na Mzee. Februari mwaka huu miguu ilianza kuvimba, na madaktari wakasema ni moyo. Tarehe 21 Julai tulimpeleka hospitali ile ile. Alipata kitanda kabla ya nusu saa kuisha, na muuguzi aliyempokea hakuwa anamjua.

Tarehe 30 Julai alipewa ruhusa. Alijua dawa zimefika mwisho. Hata hivyo, saa mbili asubuhi alikuwa amevaa, ameshika begi. Byron akamwambia, "Mama, wewe pumzika kidogo, hakuna atakayekuondoa."

"Byron, anayekuja hajui mimi ni nani. Nishike mkono."

Aliombewa benchini. Alifariki hapa nyumbani Jumatatu tarehe 4 Agosti 2025, saa kumi alasiri, Maryanne akiwa amemshika.

Ameacha mume wake, Mzee Ogola. Watoto wake, Byron na Maryanne. Mimi mkaza mwana wake. Wajukuu wawili, Naswa na Obiero. Dada yake Sylvia, na wauguzi wengi aliowafundisha kazi.

Mama, umepisha watu maisha yako yote. Kitanda hiki hakuna mgonjwa anayekingojea. Lala, usiamke mapema. Bwana mwenyewe atakuja kukuamsha.