Kitabu Kibaya Kuliko Vyote

“Kibaya, tena kibaya kabisa!” Mzee fundi cherehani alikuwa bado anafoka nilipoketi nyuma yake kwenye basi. “Sijaona kitabu cha kuchosha kama hiki.”

“Mimi nimekisoma mara mbili, na zote nililia,” akajibu nesi aliyekaa kando yake. “Kama ni kibaya, mbona umekipakata kama mtoto mchanga?”

Swali zuri. Kwangu mimi kitabu kibaya kinazuia mlango usijibamize.

Mzee akashusha sauti. “Mke wangu alikuwa ananisomea nikishona. Aliishia hapa.” Akaonyesha kipande cha utepe wa kupimia kilichochungulia karibu na mwisho. “Alisema yule mfungwa wa kitabuni atarudi kwa mkewe. Nikasema harudi ng’o! Tulibishana hata hospitalini, mpaka akanitoka.”

“Mimi najua nani alishinda.”

“Usiniambie! Nikikimaliza, binti yangu, mke wangu atakuwa amenyamaza kabisa.”

Nesi hakumpa pole. “Mzee wangu, wewe unaogopa tu kushindwa na mama. Umemwacha na ubishi wake hewani, na hiyo si haki.”

Mzee akacheka, akafuta macho kwa kiganja, kisha akampa kitabu. “Haya, soma wewe. Polepole, kama yeye.”

Nesi akatoa utepe, akaanza kusoma kwa sauti. Basi likasimama kituo cha mwisho. Nina watoto wanaosubiri chakula, lakini sikuinuka. Konda akafungua mlango, akatutazama, akaketi na yeye.